Kumchagulia mzazi makao ya wazee Minnesota: uliza zamu ya usiku

Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, huku Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis. Ni mzaliwa wa Mombasa. Kwenye kazi hii tumejaa sisi watu wa Afrika: Wakenya, Waliberia, Wasomali, Waethiopia. Zamani tulikuwa tukitunza wazazi wa wenzetu tu. Siku hizi wazazi wetu wenyewe, wale tuliowaleta waje kukaa na wajukuu, wamefika umri wa kutunzwa, na simu ninazopigiwa zinafanana: "Dada, mama aliwasha jiko akalisahau." "Baba ameanguka tena chooni, na sisi sote tuko kazini." Anayepiga huwa ameshatazama mtandaoni picha za makao yenye mazulia mazito na maua mezani, na anataka nimwambie lipi zuri. Humwambia aziache picha. Mzazi wako ataoshwa, atalishwa na atageuzwa na watu wawili watatu wa zamu, na hao ndio unaokwenda kuwachagua.

Kabla ya kutoka nyumbani, jua unatafuta makao ya aina gani. Makao ya usaidizi ni ya mzee anayejiweza kiasi, mwenye chumba chake, lakini anayehitaji mtu wa kumpa dawa kwa wakati, kumsaidia kuoga, kumpikia na kumfulia. Makao ya uuguzi ni ya mgonjwa hasa: mwenye kidonda kikubwa cha mgongoni, anayelishwa kwa mrija, asiyeweza kujigeuza kitandani. Tangu tarehe 1 Agosti 2021, makao ya usaidizi ya Minnesota huendeshwa kwa leseni ya Idara ya Afya ya jimbo, nayo ni ya namna mbili: ya kawaida, na ya kutunza wenye ugonjwa wa kusahau. Kama mama ameanza kutoka nje akisema anarudi kwao Likoni, usikubali leseni ya kawaida hata meneja awe mtu wa kwenu. Januari huku baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzee akitoka saa tisa usiku na leso mbili mwilini, hana muda mrefu. Siku ya kutembelea, omba ruhusa uusukume mlango wa nyuma mwenyewe. Sikiliza kama kengele inalia, kisha ungoje uone ni nani anayekuja na anakuja upesi kiasi gani.

Wengi hawapati nafasi ya kuchagua kwa utulivu kwa sababu mambo huanzia hospitali. Mzee amevunjika nyonga, na siku ya nne mtu wa ustawi wa jamii anakuja na orodha ya makao: chagueni, kesho anatoka. Hapo uliza swali moja mapema, tena tangu siku ya kwanza: je, mzee amelazwa rasmi, au yuko kwenye uangalizi tu? Kitanda ni kile kile na chakula ni kile kile, lakini Medicare ya kawaida, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii makao ya uuguzi mpaka mtu awe amelazwa rasmi siku tatu mfululizo, na siku za uangalizi hazihesabiwi. Akitimiza hizo tatu, inaweza kumlipia mazoezi na uuguzi hadi siku 100: 20 za kwanza zote, na zinazobaki kwa kuchangia. Akipata nafuu kabla, malipo hukoma kabla. Ukipata hata hizo siku 20 za kwanza, zitumie kuzunguka kutazama makao. Ni afadhali sana kuliko kuchagua kwa orodha ukiwa umesimama kwenye korido ya hospitali.

Sasa kutembelea. Ile ziara ya saa nne asubuhi unayopangiwa na mtu wa mauzo, nenda, kunywa kahawa yao, lakini usiamue kitu. Rudi bila ahadi Jumamosi, au saa tisa alasiri zamu zinapobadilishana. Tazama kama wanaotoka wanaketi na wanaoingia wakaambiana habari za kila mzee, au wanapishana mlangoni na funguo za gari mkononi. Habari ndogo ndizo hupotea hapo: kwamba huyu hakula mchana, kwamba yule amekwenda chooni mara tano. Asubuhi yake tunampeleka mtu hospitali na maambukizi ya njia ya mkojo ambayo yangegunduliwa mapema.

Rudi tena saa mbili usiku. Uliza wazi: usiku humu mko wangapi, na wazee ni wangapi? Sheria ya jimbo inataka pawe na mtu aliye macho saa zote 24, awe kwenye jengo hilo au majengo yanayopakana nalo, wa kuitikia wazee wakiita. Lakini mtu mmoja kwa wazee watano na mtu mmoja kwa wazee thelathini wote wako ndani ya sheria hiyo. Uliza pia wangapi kati yao ni waajiriwa wa hapo na wangapi wanaletwa na wakala kwa usiku mmoja mmoja. Sisemi watu wa wakala ni wabaya, nimewahi kuwa mmoja wao. Ila mtu asiyekujua hawezi kutambua kwamba leo umebadilika. Na uliza meneja wa wauguzi amekaa hapo muda gani. Nyumba inayobadilisha wauguzi wakuu kila baada ya miezi michache ina jambo, hata kama hutaambiwa ni lipi.

Ukiingia vyumbani, mzee mwenyewe akikukaribisha, macho yako yashuke chini. Gilasi ya maji iko karibu na mkono wake au iko dirishani? Kucha zimekatwa? Kile kitufe cha kuita msaada kiko shingoni au kinaning'inia nyuma ya kitanda? Mwombe akibonyeze, utazame saa. Zikipita dakika ishirini hajatokea mtu, umeshajibiwa.

Jambo ninalolisisitiza kwa watu wetu ni lugha. Ugonjwa wa kusahau ukizidi, mara nyingi lugha iliyojifunzwa ukubwani ndiyo hutangulia kuondoka. Nimemtunza bibi aliyefundisha shule kwa Kiingereza maisha yake yote. Alipofika kwetu alikuwa amebaki na Kiswahili cha nyumbani kwao tu. Kwenye daftari la zamu iliyotangulia walikuwa wameandika kwamba ni mkorofi, hupiga kelele usiku na kusukuma mikono ya watu. Nilipoingia alikuwa akisema, "Nataka kwenda haja, jamani, nataka kwenda haja." Nilimshika mkono, tukaenda chooni, akarudi akalala mpaka asubuhi. Lile neno "mkorofi" lingeweza kumletea dawa za kumtuliza ambazo hakuzihitaji, na dawa hizo humwangusha mtu. Kwa hiyo usiulize tu kama wana mfanyakazi Mwafrika. Uliza anayejua Kiswahili yuko zamu gani, siku gani, na siku asipokuwepo wanafanyaje. Hata ukipata nyumba yenye watu wetu tele, andika karatasi kubwa, uibandike ukutani karibu na kitanda: maneno ya mama ya maji, choo, maumivu, baridi, njaa, na mbele ya kila moja maana yake kwa Kiingereza. Andika anavyosema yeye, si Kiswahili cha kamusi. Kama husema "nasikia kucheua", andika hivyo hivyo.

Kuoga nako kuna mambo. Mama zetu wengi hawatavua nguo mbele ya mwanamume, na baba zetu wengi hawatakubali kuoshwa na msichana wa umri wa mjukuu wao. Sema kabla ya kusaini, na uombe iandikwe kwenye mpango wa matunzo. Ahadi ya mdomo haivuki zamu. Kwa Waislamu, ulizia kopo la maji chooni, nafasi ya kutawadha bila kuteleza, na kama wanajua kwamba Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula, ili wasibishane naye bali wawapigie simu nyinyi.

Halafu chakula. Makao mengi hapa hutoa chakula cha jioni saa kumi na moja, na kifungua kinywa saa mbili asubuhi. Hesabu: saa 15. Kwa mwenye kisukari anayechomwa insulini huo ni muda wa hatari, kwa hiyo uliza kuna nini cha kula usiku, nani anakitoa, na kama anapima sukari kabla. Kuhusu uji, ugali na chai ya maziwa, nyumba nyingi zitakuruhusu ulete mwenyewe. Kama mama amepata kiharusi na anapaliwa, hata hiyo chai itabidi itiwe unga wa kuifanya nzito kwanza. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuichanganya, maana chai nyepesi ya mkono wa mtoto mwenye mapenzi inaweza kuingia mapafuni.

Pesa nitazisema kwa ufupi, ila zishike. Medicare hailipii kuishi kwenye makao ya usaidizi. Bei utakayotajiwa kwanza ni ya chumba na chakula. Matunzo huongezwa kwa viwango, na mzee akihitaji msaada zaidi, bili inapanda. Omba jedwali la viwango kwa maandishi. Akiwa hana uwezo, mpango wa Elderly Waiver wa Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wasio na uwezo, hulipia matunzo, na Housing Support husaidia chumba na chakula, baada ya mtu wa kaunti kuja kumpima. Uliza kila nyumba kama inaupokea mpango huo, na kama inadai kwanza ulipe mfukoni kwa mwaka mmoja au miwili. Mzazi aliyekuja juzi kwa ukaazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kukubaliwa Medicaid, na Medicare vilevile, ikiwa hakufanya kazi huku. Lijue hilo kabla hamjakaa kikao cha familia, maana hapo ndipo ndugu walioko nyumbani huuliza kwa nini asilipiwe na serikali. Na wale madalali wa simu wanaokutafutia makao "bure" hulipwa na makao yenyewe, kwa hiyo orodha yao ni ya waliokubali kuwalipa.

Kabla ya kusaini, lazima muuguzi aliyesajiliwa ampime mzee. Uwepo. Anayesema "anakula vizuri" mbele ya muuguzi kwa kumstahi mzazi anamfanya apangiwe msaada mdogo kuliko anaohitaji. Mkataba usome nyumbani, si pale mezani. Angalia kifungu cha kumwondoa mzee: notisi isipungue siku 30. Ukitia saini, andika kwamba unasaini kwa niaba yake kwa hati ya uwakili, usijifanye mdhamini wa deni. Ripoti za ukaguzi ziko kwenye tovuti ya Idara ya Afya. Soma kilichoandikwa ndani, usihesabu makosa tu. Fomu isiyo na tarehe ni kosa, na insulini ya mtu mmoja kupewa mwingine ni kosa, lakini la pili ndilo la kukutoa mlangoni.

Akishahamia, ndani ya siku 14 tangu huduma zianze wanatakiwa kumpima upya, kisha kila baada ya siku zisizozidi 90. Omba kuwepo, uende na orodha ya uliyoyaona. Tangu Januari 2020 sheria ya Minnesota inamruhusu mkazi kuweka kamera chumbani mwake, kwa ridhaa yake na ya anayelala naye chumba kimoja. Ukiona alama mwilini, au dawa zinarukwa, zungumza na muuguzi kwanza, siku hiyo hiyo, na uandike jina na saa. Usipojibiwa, kila jimbo la Marekani lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao haya. Haitozi kitu na haihitaji uwe raia. Kwa Minnesota, piga Senior LinkAge Line, 1-800-333-2433, watakuelekeza huko na kwenye mipango ya kaunti pia. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili, omba mwanzo kabisa wa simu, kabla hujaanza kueleza.