Kompresa ya friza imeota barafu? Anzia kwenye evaporeta

Ukikuta kompresa ya friza ya biashara imefunikwa na barafu, acha kwanza mtungi wa gesi ya kupozea. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke, haisukumi kimiminika. Barafu kwenye mwili wake ni dalili kwamba gesi hiyo imetoka kwenye evaporeta (koili ya ndani inayopoza friza) ikiwa bado ina kimiminika, kabla haijamaliza kuchemka, na sasa inachemkia ndani ya kompresa. Humo huosha oili kwenye beringi na kupiga valvu mpaka zivunjike. Nimefungua kompresa kadhaa zilizokufa hivyo, na karibu zote zilikuwa zimeongezwa gesi na mtu aliyedhani barafu ni upungufu.

Hatua ya 1: Tazama barafu imefika wapi

Bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa ya friza huwa baridi sana, hivyo ganda jembamba la barafu juu yake si lazima liwe ugonjwa. Hatari ni barafu inayoshuka hadi tumbo la kompresa, pale oili inapokaa. Mashine ikiwa inafanya kazi, gusa sehemu hiyo kwa kiganja. Inatakiwa iwe na uvuguvugu. Usiguse bomba la kutolea, linalobeba gesi ya moto kutoka kompresa; linaunguza. Piga picha kabla hujayeyusha chochote.

Hatua ya 2: Fungua evaporeta

Hapa ndipo ninapopata jibu mara nyingi. Evaporeta isiyopitisha hewa haipati joto la kuchemshia gesi. Kabla ya kukata umeme, bonyeza swichi ya mlango uone kama feni zote zinazunguka, maana friza nyingi huzima feni mlango ukifunguliwa. Kisha kata umeme, toa kifuniko, uangalie koili.

Ikiwa imezikwa yote kwenye barafu, iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu huku ukikinga nyaya na feni. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Bomba la koili hutoboka upesi. Halafu uliza kwa nini haikujiyeyusha yenyewe.

Umeme ukiwa bado umekatwa, chomoa waya mmoja wa hita ya kuyeyushia barafu uipime kwa multimita. Hita ya wati 600 kwa volti 240 inasoma karibu ohm 96. Isiposoma kitu, imekatika. Rudisha waya na umeme, kisha zungusha kwa mkono taima inayopanga muda wa kuyeyusha hadi iingie kwenye kuyeyusha: kompresa inyamaze, hita ianze kula umeme. Thermostati inayokatisha kuyeyusha inahitaji subira. Ikiwa na joto la chumbani, huwa imefunguka, yaani haipitishi umeme, na ndivyo inavyotakiwa. Mafundi wengi hutupa nzima kwa sababu hiyo. Igandishe kwanza, ndipo uipime.

Raba ya mlango ijaribu kwa karatasi: ibane na mlango, uivute. Ikitoka bila ukinzani, hewa yenye unyevu inaingia hapo mchana kutwa.

Hatua ya 3: Pima supahiti

Supahiti ni tofauti kati ya joto la bomba linapotoka evaporeta na joto ambalo gesi inachemkia. Koili ikiwa safi na friza imerudi kwenye baridi yake ya kawaida, funga geji upande wa kunyonya na kipimajoto kwenye bomba linapotoka evaporeta. Chukua mfano wa gesi aina ya R404A: geji ikionyesha karibu bar 1, gesi inachemka kwenye nyuzi -30 hivi. Bomba likisoma -25, supahiti ni 5, hali nzuri kwa friza. Likisoma -29, umebakiwa na 1, yaani kimiminika kinapita. Mlangoni mwa kompresa nataka nisikute chini ya 11.

Hatua ya 4: Kagua balbu ya valvu

Supahiti ikiwa ndogo na hewa inapita vizuri, fuata balbu ya valvu ya upanuzi, yaani kihisi joto kinachofungwa kwenye bomba la kutoka evaporeta ili kuiambia valvu iingize gesi kiasi gani. Kuna friza niliyoitiwa baada ya kompresa kubadilishwa, na mpya nayo ikaanza kuganda. Balbu ilikuwa inaning'inia, mkanda wake umelegea, sponji imelowa. Ilikuwa ikihisi hewa badala ya bomba, hivyo valvu ikabaki wazi. Nilisugua bomba, nikaikaza upande wa juu, nikaifunika upya. Sikugusa gesi kabisa. Usizungushe skrubu ya valvu kabla ya ukaguzi huu.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo gesi

Mfumo wa kapilari, unaoingiza gesi kwa kibomba chembamba badala ya valvu ya upanuzi, hauna valvu ya kujirekebisha, kwa hiyo gesi ikizidi hufurika hadi kompresa. Usikisie kwa geji. Itoe yote kwa mashine ya kukusanyia, vuta vakyumu, jaza kwa mizani kulingana na kibandiko. Kibandiko kikisema R290, hiyo ni propani, nayo inawaka: fungua madirisha, na moto usikaribie.

Acha friza ipite mzunguko mmoja kamili wa kuyeyusha, upime supahiti tena. Kesho yake, kabla mlango haujaanza kufunguliwa na wateja, rudi uguse tumbo la kompresa.