Kusoma Zaburi msibani: anza na kilio

Kwenye misiba mingi ya Iringa na Mbeya msomaji hukimbilia Zaburi 23, ile ya faraja, na wafiwa hawapati nafasi ya kulia. Anza na Zaburi 88, mstari wa 1 hadi 12, taratibu, ukitulia baada ya kila swali la mstari wa 10 hadi 12: je, wafu watamsifu Mungu? Zaburi hiyo inaishia gizani. Usiifunike haraka kwa maneno ya faraja. Nyamaza kama dakika moja.

Kisha soma Zaburi 49:7-15. Hapo tajiri hawezi kumlipia ndugu yake fidia, lakini mstari wa 15 unasema Mungu ndiye atakayemkomboa mwimbaji na mkono wa kuzimu. Wengi hukatiza usomaji kwenye mstari wa 14, wakaacha tumaini lenyewe. Malizia na Zaburi 73:23-26, ambapo tumaini ni kushikwa mkono na Mungu, hata mwili na moyo vikipunguka.

Zaburi hazielezi ufufuo kwa undani, kwa hiyo msomaji asiongeze yasiyomo, mahubiri yatafuata. Usiku wa Juni huko Makete, mkoani Njombe, ni baridi kali, kwa hiyo dakika 10 za kusoma zinatosha.