Kusoma alama za kinga kwenye saratani ya mji wa mimba: hatua ninazofuata Mbeya

Wenzangu wa maabara na madaktari wa wilayani, hivi ndivyo ninavyosoma slaidi za saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ninapotaka kujua kama kinga ya mwili imeutambua uvimbe, na mgonjwa ana matumaini kiasi gani.

Hatua ya 1: nyama. Kazi nyingi huharibikia hapa. Mji wa mimba upasuliwe ndani ya saa moja baada ya kutolewa, kisha uzamishwe kwenye formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama. Niliwahi kupokea uliosafirishwa mzima, umebanwa kwenye kopo dogo. Nje ulikuwa mgumu, ndani umeoza, na ndani ndiko uvimbe uliko. Kama biopsi ya awali (kipande kilichochukuliwa kabla ya upasuaji) ipo, itumieni hiyo. Formalini huwa imeipenya vizuri zaidi.

Hatua ya 2: paka rangi ya PMS2 na MSH6, mbili kati ya protini nne zinazorekebisha makosa ya kunakili DNA; nyingine ni MLH1 na MSH2. Vitendanishi vikiwa haba, hizi mbili zinatosha kuanzia. PMS2 humtegemea MLH1, na MSH6 humtegemea MSH2. Mwenyeji akiondoka, mgeni hana pa kulala. Iliyopotea, pima mwenzake.

Kabla hujaandika "imepotea", tazama limfosaiti (seli nyeupe za kinga) na seli za stroma (tishu inayoushikilia uvimbe) pembeni ya uvimbe. Viini vyake lazima viwe vya kahawia, yaani protini ipo. Vikibaki buluu navyo, rangi haikushika, na slaidi hiyo haina jibu. Rudia. Kwenye ile nyama ya kopo nilikaribia kuandika protini zote nne zimepotea; limfosaiti ndizo zilizoniokoa.

Upotevu wa kweli maana yake seli hushindwa kurekebisha makosa ya kunakili DNA, zikatoa protini ngeni, na limfosaiti za CD8 (zile zinazoua seli mbovu) humiminika kuzikabili. Ndiyo sababu uvimbe wa aina hii, ukisambaa au kurudi, huweza kuitikia dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab.

Hatua ya 3: p53, protini inayozuia seli zenye DNA mbovu zisizaliane. Rangi kali kwenye zaidi ya asilimia 80 ya viini, au kutokuwepo kabisa huku seli za pembeni zikiwa na rangi, si kawaida. Kundi hili ndilo lenye mwelekeo mbaya kuliko yote.

Hatua ya 4: POLE. Hii ni jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA; haionekani kwa rangi, inasomwa kwenye jeni yenyewe. Wenye mabadiliko yake hasa ndio wenye matumaini makubwa zaidi, hata p53 ikiwa mbovu. Kwa hiyo usipoipima, andika wazi kwenye ripoti: "POLE haijapimwa."

Hatua ya 5: ukoo. MLH1 ikipotea, mara nyingi jeni imezimwa tu kwa methaili (alama ya kikemikali inayoshikamana na DNA), hairithiwi; omba kipimo hicho kwanza. Ikipotea MSH2 au MSH6, huenda kasoro imerithiwa; piga simu kliniki siku hiyohiyo, mama aulizwe kuhusu dada zake na watoto wake, na kama kuna aliyeugua saratani ya utumbo mpana.