Mipaka ya baraza katika rufaa ya leseni ya rubani: namna ya kuandaa shauri lako

Wengi wanaonijia na barua ya kunyimwa au kusimamishiwa leseni huuliza kwanza kama watashinda. Mimi huwauliza wanataka Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa zao, liwape nini, kwa sababu nimeona mashauri yenye haki yakianguka kwa kuombwa kitu ambacho baraza halina uwezo wa kukitoa.

Hatua ya kwanza: mjue aliyeamua. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, nalo limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Kwa hiyo hata rubani asiyeruka zaidi ya viwanja vya Kisauni, Unguja, na Chake Chake, Pemba, leseni yake iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo rufaa dhidi ya maamuzi yake huenda Baraza la Ushindani. Ugomvi na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, ambayo ni chombo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), una njia nyengine, na mwajiri aliyekuondoa kwenye ratiba ya safari hakukunyang'anya leseni.

Hatua ya pili: omba sababu kwa maandishi, na kama kuna mapitio ya ndani, yamalize kabla ya kwenda mbele. Andika tarehe uliyoipokea barua juu ya barua yenyewe, na bahasha usiitupe.

Hatua ya tatu: chuja malalamiko yako. Katika sheria zetu za udhibiti, rufaa husimama juu ya mambo manne: uamuzi haukutokana na ushahidi uliotolewa, sheria imekosewa, utaratibu umekiukwa kiasi cha kuathiri matokeo, au mamlaka haikuwa na uwezo wa kuamua hivyo. Miaka ya mwanzo niliwahi kuandika kurasa 14, nyingi zikieleza ada za skuli za watoto wa mteja wangu na deni la nyumba. Niliulizwa swali moja tu, kwamba ni kifungu gani kilichovunjwa, na sikuwa na jibu la haraka.

Hatua ya nne, na hapa ndipo penye kazi: tenganisha uamuzi na kanuni. Tuchukue rubani wa ndege ndogo ya Cessna Caravan, mwenye umri wa miaka 41, aliyenyimwa leseni kwa kuwa cheti chake cha afya kimepita miezi 6. Kwa viwango vya Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, cheti cha afya cha rubani wa biashara hudumu miezi 12, lakini akishapita miaka 40 na akawa anabeba abiria peke yake bila rubani msaidizi, muda huo hupungua hadi miezi 6. Akienda barazani kusema kwamba miezi 6 ni michache na madaktari wanaokubaliwa wako mbali ng'ambo ya bahari, anapoteza nauli, kwani baraza hupima uamuzi kwa kanuni iliyopo na halikupewa kalamu ya kuiandika upya. Akisema kwamba safari zake zote zilikuwa na marubani wawili, na daftari lake la saa za kuruka likaonyesha hivyo ukurasa kwa ukurasa, hapo anadai kwamba uamuzi umepingana na ushahidi, na hilo baraza linaweza kulisikiliza. Daftari hilo, hata hivyo, liwe lilikuwa mbele ya mamlaka tangu mwanzo. Ushahidi unaofichwa kwa ajili ya rufaa humgeukia mwenyewe.

Hatua ya tano: andika maombi yanayolingana na uwezo wa baraza. Usiombe liamuru upewe leseni, kwani kupima afya na ujuzi wa rubani ni kazi ya mamlaka yenye wakaguzi na madaktari wake. Mimi huandika hivi: «Mrufani anaomba uamuzi utenguliwe, na ombi lake la leseni lirudishwe kwa Mamlaka likaamuliwe upya kwa kuzingatia daftari la saa za kuruka lililowasilishwa.»