Unalenga sheria Marekani? Panga vyuo kwa bei halisi

Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4 chuoni, kisha 3 ya shule ya sheria. Usichague chuo eti kina kozi ya maandalizi ya sheria. Shule za sheria hazidai kozi hiyo. Zinachotazama sana ni wastani wa alama na LSAT, yaani mtihani wa kuingilia shule ya sheria.

Anza na kikokotoo cha gharama kilichoko kwenye tovuti ya chuo. Kijaze ukiwa na fomu ya kodi ya mzazi mkononi, kisha kwenye gharama yote punguza ruzuku peke yake, yaani fedha usizorudisha. Hapa wengi hupotea: mkopo na kazi za chuoni huorodheshwa pamoja na ruzuku, bei ikaonekana nafuu. Mkopo ni deni, na deni jingine linakusubiri shule ya sheria.

Vyuo 8 hadi 10 vinatosha. Viwili viwe vya uhakika, yaani alama zako zinakuingiza na nyumbani wanamudu kinachobaki. Mara nyingi ni vya serikali ya jimbo lako. Princeton, Amherst na Vanderbilt hufidia sehemu yote ambayo familia haimudu, bila mkopo, basi usivifute kwa kuogopa ada. Ila usivitegemee pekee.

Waliopewa hadhi ya ukimbizi na wenye kadi ya ukaazi wanaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Ada ya maombi, omba msamaha kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi.

Na ukichukua masomo ya chuo ukiwa bado sekondari, yasome kwa bidii: LSAC, shirika linalosimamia LSAT na maombi ya shule za sheria, huyahesabu kwenye wastani wako.