Kabla sijatoka na kiti changu: ninavyotafuta njia Mombasa kwa simu

Nakaa Likoni, shughuli zangu ziko kisiwani, na kiti changu cha magurudumu nakisukuma kwa mikono yangu mwenyewe, huu mwaka wa sita. Ramani ya simu imenifaa sana, lakini inajua barabara, haijui ngazi. Kuna siku ilinifikisha sawasawa mpaka mlango wa ofisi moja. Mbele yangu vidato vitatu, kila kimoja shubiri nzima. Tangu hapo naanza kuukagua mlango, njia baadaye.

Fungua Google Maps, gusa picha yako juu pembeni, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, kisha washa maeneo yanayofikika. Mahali penye mlango usio na ngazi pataonyesha alama ndogo ya kiti. Usipoiona alama usikate tamaa, mara nyingi ni kwamba hakuna aliyejaza. Tazama picha za wateja: pita zile za sahani za biriani, tafuta iliyopigwa kutoka nje, angalia kizingiti. Ukikosa, piga simu. Usiulize kama kiti kinaingia, maana utaambiwa, "Njoo tu, tutakubeba," na mimi sitaki kubebwa. Uliza kuna ngazi ngapi kutoka barabarani, na mlango una upana gani. Kiti changu ni sentimita 66, nimekipima kwa futi ya fundi.

Kuna pia Wheelmap, ramani ya mtandaoni inayoonyesha mahali kiti kinapofika, iliyoanzia Berlin mwaka 2010. Kijani panafikika, rangi ya chungwa kwa kiasi, nyekundu hapafikiki, kijivu hapajulikani.

Kwa njia yenyewe, ile ya waenda kwa miguu nimeiacha, hasa Mji wa Kale, kwa sababu inapenda kukata vichochoroni. Nachagua njia ya gari, kisha naongeza kituo katikati ili ipite barabara ninayoijua. Tuktuk nayo itafuata hiyo hiyo. Pakua ramani ya mji mzima ukiwa na intaneti nyumbani. Mikono yote miwili iko kwenye magurudumu, kwa hiyo simu nafunga pajani kwa mpira, sauti nasikiliza kwa sikio moja tu. La pili ni la bodaboda.

Jambo ambalo ramani yoyote haitakwambia ni maji ya bahari pale feri ya kuvukia kutoka Likoni kwenda kisiwani. Yakijaa, mteremko wa kushukia ni mfupi. Yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, saruji inabaki wazi mbali sana, imelowa, inateleza, na kupanda kwake kunachosha mabega. Weka kwenye simu programu ya majira ya maji. Majira husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu, Ijumaa haikufai. Miadi yangu naomba ipangwe karibu na maji kujaa, na nikikosa, natafuta mtu wa kunisukuma kabla sijafika chini, si nikiwa katikati ya mteremko na umati uko nyuma.

Jioni nikirudi, najaza nilichokiona. Jana ilikuwa duka la dawa Mwembe Tayari: kidato kimoja, nusu shubiri, na wana ubao nyuma ya mlango ukiuliza.