Klipu za kila aina kwenye taimlaini moja: zipange kabla hujaanza kukata

Kazi nyingi za video siku hizi hazitoki kwenye kamera moja. Mahojiano yamerekodiwa kwa kamera nzuri, pembe ya pili imechukuliwa kwa simu, kipande cha skrini kimetoka OBS (programu ya kurekodi skrini ya kompyuta), halafu mteja anakuletea klipu yake ya zamani iliyopita WhatsApp mara kadhaa. Ukizimwaga zote kwenye taimlaini (mstari wa programu ya kuhariri unapopanga klipu), programu itazipokea kimya kimya. Madhara utayaona siku ya tatu, kazi imeshakatwa nusu: midomo inatangulia sauti, picha inakwamakwama, rangi za simu zimepauka.

Mimi nimezoea kutumia saa moja ya mwanzo kwenye faili zenyewe, kabla sijafungua programu ya kuhariri. Huu ndio utaratibu wangu.

Hatua ya 1: Soma kila faili

Herufi za mwisho wa jina, yaani .mp4, .mov au .mkv, zinakutajia kasha tu. Kilichomo ndani ya kasha ni picha iliyosimbwa kwa kodeki fulani (njia ya kubana picha au sauti), pamoja na sauti iliyosimbwa kwa kodeki nyingine. Ndiyo maana MP4 mbili zenye ukubwa mmoja wa picha zinaweza kutofautiana kabisa: moja ina H.264 na inacheza vizuri, nyingine ina H.265 (pia huitwa HEVC) na kompyuta inahema.

Pakua MediaInfo, ni ya bure. Buruta faili ndani yake, kisha andika mambo matano: kodeki, kasi ya fremu (picha ngapi kwa sekunde), kama kasi hiyo ni thabiti au inabadilika, biti za rangi, na sauti. Kwa kazi kama niliyoitaja hapo juu, ukiiacha kando klipu ya mteja, karatasi yangu husomeka hivi:

Kamera kuu: MOV, H.264, fremu 25, thabiti, biti 8, sauti kHz 48
Simu: MP4, HEVC, fremu 29.97, inabadilika, biti 10 HLG (aina ya HDR, picha yenye upana mkubwa wa mwanga), sauti kHz 44.1
Skrini: MKV, H.264, fremu 60, thabiti, biti 8, sauti kHz 48

Mistari hiyo mitatu imeshakuonyesha matatizo yote utakayokutana nayo.

Hatua ya 2: Amua kasi ya taimlaini

Fuata kamera kuu, ile inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Hapa ni fremu 25. Amua kabla ya kuingiza chochote, hasa ukitumia DaVinci Resolve, kwa kuwa ukishaingiza klipu kwenye mradi, kasi ya taimlaini ya mradi hufungwa.

Usidanganyike kwamba 29.97 na 30 ni kitu kimoja. Tofauti yake ni sehemu moja kwa elfu, lakini kwenye rekodi ya saa nzima inafika sekunde 3.6. Mtazamaji hahitaji hata robo ya hiyo kugundua kwamba mdomo na maneno haviendi pamoja.

Hatua ya 3: Tenga kinachohitaji kuguswa

Si kila faili inahitaji kusimbwa upya. Kamera kuu inaingia kama ilivyo.

Faili ya skrini tatizo lake la kwanza ni kasha, kwani programu kadhaa za kuhariri hazipendi MKV. Hapo unahamisha kilichomo kwenye kasha jingine bila kugusa picha wala sauti, kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

ffmpeg -i skrini.mkv -c copy skrini.mp4

Inamalizika kwa sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo. Inanisikitisha kuona watu wakikaa nusu saa wakisimba upya faili kama hii, tena kwa H.264, wakati wangebadilisha kasha tu. Kumbuka kwamba kila ukisimba upya kwa kodeki ya kubana, picha inapoteza kitu kisichorudi. Fremu 60 za skrini zitaingia kwenye 25 na mshale wa kipanya utaruka kidogo. Kwa maelezo ya kompyuta inavumilika. Safari ijayo weka OBS kwenye 25 au 50 mapema.

Hatua ya 4: Ishughulikie simu, hapa ndipo kazi ilipo

Niliwahi kuhariri mahojiano marefu ambayo pembe ya pili ilikuwa ya simu. Nililinganisha sauti kwa kofi la mwanzo (kofi linalopigwa mbele ya kamera ili liwe alama ya kulinganishia), ikakaa sawasawa. Kufika katikati, picha ya simu ilikuwa imeachana na sauti. Nikaikata klipu ile vipande kumi na kimoja, nikisogeza kila kimoja fremu mbili tatu, na bado haikukaa. Chanzo kilikuwa kasi ya fremu inayobadilika.

Simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu, kisha inaongeza tena. Ndani ya faili kila fremu imeandikiwa muda wake, kwa hiyo ukiicheza kwa VLC utaiona iko sawa. Tatizo linatokea programu ya kuhariri inapochukulia kwamba fremu zote zina nafasi sawa. Chukua klipu ya dakika 10 inayojitaja kuwa ya fremu 30. Ilipaswa kuwa na fremu 18,000. Tuseme simu ilirekodi 17,940. Fremu 60 hazipo, nazo ni sekunde 2 za picha. Sauti ina dakika 10 kamili, picha inaisha mapema. Na kwa vile fremu hizo zilipotea kidogo hapa, kidogo pale, huwezi kurekebisha kwa kuivuta klipu yote mara moja.

Kwenye MediaInfo tafuta mstari wa Frame rate mode. Ukisoma Variable, simba upya kabla ya kuiingiza:

ffmpeg -i simu01.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 2 -pix_fmt yuv422p10le -af aresample=async=1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu01.mov

Sehemu ya fps=25 inasoma muda halisi wa kila fremu na kutoa 25 zilizopangwa sawasawa. Pale simu iliporuka fremu, inarudia iliyotangulia. Pale zilipozidi, inapunguza. aresample inaziba mapengo madogo ya sauti, na -ar 48000 inaitoa sauti kwenye 44.1 na kuiweka kwenye kHz 48, kiwango cha kazi za video. prores_ks yenye namba 2 ni ProRes 422 ya kawaida, kodeki iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhariri. Kama hupendi kuandika amri, Shutter Encoder inafanya kazi hiyohiyo kwa vitufe.

Kwa nini ProRes, wakati faili inavimba? H.264 na H.265, jinsi kamera nyingi na simu zinavyozitumia, huhifadhi fremu moja kamili, na zinazofuata zinabeba tofauti tu. Ukisimama kwenye fremu ya 90, kompyuta inalazimika kurudi hadi fremu kamili iliyotangulia na kujenga upya hadi hapo. Ukikata na kurudi nyuma mara mia, inafanya hesabu hiyo mara mia. ProRes na DNxHR, kodeki nyingine ya kuhariri, huhifadhi kila fremu ikiwa kamili. Gharama yake ni nafasi: ProRes 422 ya 1920×1080 kwa fremu 25 inakula karibu GB 55 kwa saa, na ya 4K inakula takriban mara nne ya hapo. Pima diski yako kwanza, na usimbe sehemu unazozihitaji tu.

Faili asilia ya simu usiifute.

Hatua ya 5: Rangi za HLG

Klipu ya HLG ikiwekwa kwenye taimlaini ya Rec.709 (kiwango cha kawaida cha rangi za video) bila maelezo huonekana imepauka, au imeungua kwenye mwanga. Usikimbilie kuongeza rangi kwa mkono. Iambie programu kwamba klipu hii ni HLG na matokeo ni Rec.709, iachie tafsiri, halafu ndipo ufanye usahihishaji wako. Baada ya kusimba upya, irudishe faili kwenye MediaInfo uhakikishe alama ya HLG bado ipo. Ikiwa imepotea, itaje mwenyewe kwenye mipangilio ya klipu.

Hatua ya 6: Proksi, kama kompyuta bado inalemewa

Premiere Pro na Resolve zote zinatengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) zenyewe. Chagua ProRes Proxy au DNxHR LB kwa nusu ya ukubwa wa picha. Zitengeneze baada ya hatua ya 4, kamwe si kabla yake. Proksi iliyotokana na faili yenye kasi inayobadilika haitalingana na mama yake, na ukirudi kwenye faili kubwa siku ya kurenda (kutoa video ya mwisho), kila ulipokata pamesogea. Idadi ya chaneli za sauti nayo ibaki ileile, la sivyo Premiere itakataa kuziunganisha.

Kabla ya kuanza kukata

Weka klipu ya kamera kuu na ya simu zikiwa zimepandana, zilinganishe kwa kofi, kisha ruka moja kwa moja hadi dakika ya mwisho. Tafuta herufi ya b, p au m, pale midomo inapofumbana. Ikifumbana pamoja na sauti mwishoni kama ilivyofumbana mwanzoni, endelea na kazi. Isipofumbana, rudi hatua ya 4 sasa hivi, taimlaini ikiwa bado tupu.